Tarumbeta Zilizosawazishwa Kwenye Baridi

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1975, saa kumi na dakika kumi alasiri, ndani ya kanisa la Mtakatifu Avertin mjini Châtelbrun, mbele ya wanamuziki sitini na wawili waliokuwa bado wamevaa makoti yao kwa sababu hawakuamini kwamba manispaa imewasha joto kweli.

Yalikuwa mazoezi ya mwisho. Onyesho lenyewe lilikuwa Jumapili, redio ya taifa ingelirusha, na mkuu wa mkoa alikuwa amekubali kuja. Bila mkuu wa mkoa joto lisingewashwa. Bango mlangoni lilisema: Karne Tatu za Kinanda na Okestra Ufaransa. Kwanza kipande cha enzi za wafalme, kisha simfonia ya karne iliyopita, mwisho konseto ya miaka ya karibuni, yenye fidla na ngoma za shaba tu. Walianza na simfonia kwa kuwa ndiyo inayochosha.

Kiongozi wa okestra alishusha fimbo yake. Juu kwenye roshani, Maestro Hyacinthe Daubrac, mpiga kinanda rasmi wa kanisa lile kwa miaka kumi na tisa, alivuta vishikio vya tarumbeta, yale mabomba ya kinanda yanayolia kama tarumbeta, na kuangusha vidole kumi. Kilichotoka kwenye mabomba hakikuwa muziki. Ilikuwa kama paka kumi wametiwa gunia moja. Wapiga fidla walicheka, na mmoja akaziba masikio.

"Fundi yuko wapi?" kiongozi alipiga kelele. "Quesnel! We Quesnel! Umelala?"

Firmin Quesnel, aliyekuwa akisawazisha sauti za vinanda vya mkoa ule kwa miaka thelathini, hakujibu. Kigari chake alimozoea kulala akiwa safarini kilikuwa uwanjani. Mlango mdogo ulio ubavuni mwa kinanda ulikuwa umefungwa. Mzee Anthelme Pruvost, bawabu wa kanisa, alimwomba Daubrac ufunguo, akafungua, akaingia na kurunzi. Alimkuta fundi chini kabisa, katikati ya mabomba makubwa ya mbao, mgongo umevunjika, kofia imekunjwa chini ya kichwa. Mita tano juu yake kulikuwa na daraja jembamba la mbao ambalo mafundi hupita. Daraja lilikuwepo. Ukingo wake haukuwepo.

Ilipofika saa kumi na moja, mtu wa kwanza kuingia rumande alikuwa yule aliyekwenda kumtafuta maiti.

Hesabu ya polisi ilikuwa fupi. Maestro Daubrac alisema alionana na Quesnel kanisani Ijumaa hiyohiyo saa tano asubuhi, mzima wa afya, akamwambia kazi imekwisha. Ndani ya kinanda, ukutani, kulikuwa na maandishi ya penseli yenye tarehe ya Ijumaa. Na manispaa ilikuwa na karatasi: kwamba kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi Pruvost amekabidhiwa kanisa na roshani yake, vyote vikiwa vizima. Sahihi ya Pruvost ilikuwa chini yake, imeandikwa polepole kama ya mtoto. Basi fundi kaanguka Ijumaa, mwenye dhamana Ijumaa ni bawabu, bawabu na aende jela.

Inspekta Roch Valadier alipewa faili Jumamosi asubuhi ili alifunge.

"Nataka sahihi ya bawabu tu," kamishna alimwambia. "Saa kumi na moja jioni mwendesha mashtaka anamngoja. Kesho mkuu wa mkoa yupo pale kanisani, Valadier. Asikute maswali."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari anasema mengi."

Daktari alikuwa ameandika mistari sita. Mtu huyu hakufa papo hapo. Alidumu dakika au alidumu masaa, hawezi kuapa. Alikata roho kati ya Alhamisi usiku na Ijumaa saa nane mchana. Zaidi ya hapo hawezi kusema, kwa sababu baridi ya kwanza na joto la baadaye vimemvurugia vipimo. Vifundo vya mkono wa kulia vimechubuka ngozi yote. Pengine ni katika kuanguka.

Valadier alisoma mstari wa vifundo mara mbili, kisha akashuka rumande.

Pruvost alikuwa na miaka sitini na mmoja na viganja vigumu kama kwato. Alikuwa ameketi ukingoni mwa ubao, kofia magotini.

"Umekula, Mzee?"

"Wamenipa kitu wakasema ni kahawa. Sikubishana nao."

"Ukingo wa lile daraja, nani aliutoa?"

"Wao. Mafundi wa manispaa, mwezi wa kumi. Walikuwa wanapitisha waya wa mashine ya upepo, wakang'oa, wakasema watarudi. Hao wakikuambia watarudi, bwana, ujue ndiyo umewaona mara ya mwisho."

"Lakini umetia sahihi kwamba kila kitu ni kizima."

"Saa kumi na mbili asubuhi, juu ya boneti ya gari la karani, mvua inanyesha. Aliniambia nitie hapa, nikatia hapo."

"Hukuingia kwanza ndani ya kinanda kuangalia?"

"Niingie kwa ufunguo gani?" Pruvost alicheka bila sauti. "Miaka ishirini na sita nafagia pale. Nina ufunguo wa mnara, wa choo, wa kabati la mishumaa. Wa kinanda sijawahi kupewa, eti bawabu ataharibu. Funguo zipo tatu. Mmoja ni wa fundi, mmoja wa Maestro, mmoja uko manispaa. Nimekabidhiwa nyumba ambayo siwezi kuifungua, inspekta, na sasa nafungwa kwa yaliyomo ndani."

Valadier alitoa kidaftari cha shule kwenye bahasha ya vielelezo, jalada lake limepakaa masizi.

"Hiki ni chako?"

"Cha boila. Tangu mafuta yaadimike wanataka niandike joto limefika ngapi na saa ngapi. Napanda naangalia kipimajoto kilichotundikwa mlangoni pa kinanda, upande wa nje. Nashuka naandika. Magoti haya yameisha kwa ajili ya kidaftari hicho."

Mwandiko ulikuwa mkubwa na ulikuwa wazi. Alhamisi, siku nzima, boila haijawashwa: nyuzi 11. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, 11. Saa mbili, 13. Saa nne, 15. Saa sita kasorobo, 16. Saa nane mchana, 18. Saa kumi, 19.

"Kati ya saa sita kasorobo na saa nane ulikuwa wapi?"

"Saa sita nilipiga kengele ya sala, dakika tano. Kwa mkono. Mota yake imekufa tangu Pasaka, nimewaandikia mara tatu. Mji mzima ulinisikia. Kutoka hapo nikaenda kwa padri kula. Mpishi wake alitoa supu ya liki na samaki. Muulize, bado ananidai shukrani. Saa nane nikarudi."

"Na Quesnel, asubuhi hiyo ulimwona?"

"Sikumwona. Alhamisi nayo nilipanda alfajiri na usiku tu, sikumkuta. Na yule nisingemkosa. Akifika kitu cha kwanza ni kuniomba kiberiti. Miaka thelathini anavuta kiko, kiberiti hajawahi kununua."

"Uliwaambia hili jana?"

"Niliwaambia. Aliyekuwa anaandika akasema Maestro kamwona, kwa hiyo mimi nimesahau." Aliigeuza kofia yake. "Inspekta, ile nyumba ninayokaa ni ya kazi. Nikiingia ndani wiki hii, wiki ijayo wataleta bawabu mwingine na vitanda vyake. Léonie, mke wangu, ana miaka miwili hashuki kitandani. Nani atambeba kumshusha zile ngazi?"

Valadier alifunga kidaftari na kukitia mfukoni mwa koti. Ilikuwa saa tano na nusu.

Kanisani hakukuta mtu ila mwanamke mmoja aliyeketi kwenye kiti cha kwanza cha okestra, kisu kidogo mkononi, anachonga ulimi wa tete. Zumari yake ilikuwa imelazwa magotini juu ya kitambaa.

"Wewe ni polisi au ndiye fundi mpya?" aliuliza bila kuinua macho.

"Polisi."

"Pole. Tulikuwa tunamhitaji fundi."

Jina lake lilikuwa Solange Briac, mpiga zumari wa kwanza. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema okestra imeambiwa mazoezi yataendelea saa kumi na moja, mtu akifa asife.

"Jana ulikuwepo. Ile kelele ilikuwa nini?"

"Tarumbeta. Filimbi zote za kinanda zilikuwa sawa kabisa. Ila tarumbeta zilikuwa chini, mbali. Nilidhani Quesnel amelewa, Mungu anisamehe. Hakuwa mlevi."

"Panda nami. Nionyeshe."

Ngazi za roshani zilikuwa hamsini na tatu. Valadier alizihesabu. Kwenye mlango mdogo wa kinanda kipimajoto kilikuwa kinaning'inia kwa kamba. Aliuchunguza mlango kabla ya kuufungua. Tundu la ufunguo lilikuwa nje tu. Upande wa ndani palikuwa na ubao mtupu. Ufunguo wa Quesnel ulikutwa mfukoni mwake.

"Fundi akiwa kazini ndani, mlango huu anaufanyaje?"

"Anauegesha tu. Ataufungaje? Labda apitishe mkono kwenye mbao."

Kwa hiyo kuna aliyeufunga kutoka nje, Quesnel akiwa ndani. Valadier aliandika hilo.

Ndani kulikuwa na harufu ya vumbi na ngozi ya kondoo. Mabomba yalisimama safu kwa safu, mengine membamba kama kalamu. Kushoto, ukuta mzima wa mbao ulikuwa umejaa maandishi ya penseli, juu hadi chini. Hii ndiyo ilikuwa desturi ya mafundi: ukimaliza kazi, unaandika tarehe, joto, na noti ya la, ile ya kusawazishia, imefika mitetemo mingapi kwa sekunde, unatia herufi za jina lako. Ya zamani zaidi ilikuwa ya 1788. Chini yake fundi mmoja alikuwa ameandika: "1860. Amri ya serikali imefika, la iwe mia nne thelathini na tano nchi nzima. Kinanda hakijaisoma."

Solange alicheka. "Hao walitaka kutawala hata noti."

"La inabadilikabadilika hivyo?"

"Enzi za wafalme kila kanisa lilikuwa na la yake, ya chini kuliko ya okestra. Ndiyo maana kile kipande chetu cha kwanza wanapokezana tu: fidla zikinyamaza, kinanda kinasema, kikinyamaza, fidla zinajibu. Wangepiga pamoja ingekuwa vita. Baadaye wakakubaliana, na Wafaransa hatujaacha tangu hapo. Kinanda, okestra, na tarumbeta juu yake. Karne iliyopita tarumbeta, karne hii tarumbeta. Ukitunyang'anya hizo tunalia."

"Sasa nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Kazi rahisi hiyo," alisema, akamtazama juu hadi chini. "Ukumbini mimi ndiye ninayewapa wenzangu la, nao wananifuata. Penye kinanda, sisi sote tunakifuata chenyewe, maana hakisogei. Sawa? Sasa, filimbi za kinanda ni upepo mtupu ndani ya bomba. Joto likipanda, sauti inapanda. Baridi ikiingia, inashuka. Tarumbeta zina ulimi wa shaba ndani, hazijali joto sana, zinakaa palepale ulipoziacha. Kwa hiyo fundi hagusi filimbi. Anachukua tarumbeta, anagongagonga vijiti vyake mpaka zilingane na filimbi kwa joto la siku hiyo. Ndiyo kazi yenyewe."

"Joto likibadilika baadaye?"

"Zinaachana. Filimbi juu, tarumbeta chini. Paka na gunia."

Valadier alimulika mstari wa mwisho kwa kurunzi. "14 Novemba 1975. Nyuzi 17. La 440. F.Q." Mstari wa juu yake ulikuwa wa Quesnel pia, wa mwaka uliotangulia.

"Jana ulipima?"

Solange alitoa mfukoni kikasha kidogo chenye sindano. "Mimi hupima hata kengele ya shule. Filimbi zilikuwa mia nne arobaini na moja na kitu, ni sawa kwa nyuzi kumi na tisa. Tarumbeta zilikuwa mia nne thelathini na tano."

"Na kama zingesawazishwa kwenye nyuzi kumi na saba, kama ukuta unavyosema?"

"Zingekuwa mia nne arobaini. Tofauti na filimbi ingekuwa ndogo, mimi ningenuna, watu wengine wasingejua." Aliutazama ukuta. "Thelathini na tano ni la ya nyuzi kumi na moja. Tarumbeta hizi zimesawazishwa kwenye baridi."

Valadier alifungua kidaftari cha boila. Kwenye nyuzi 11 kanisa lilikuwa Alhamisi mchana kutwa, na Ijumaa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kusawazisha tarumbeta zote, Solange alisema, ni kazi ya saa tano.

"Basi alifanya kazi Alhamisi," Valadier alisema. "Ijumaa hakugusa kitu."

"Haiwezekani. Quesnel asingesawazisha kwenye baridi kwa ajili ya onyesho lenye joto. Hata mwanafunzi hafanyi hivyo."

"Labda hakujua kwamba kutakuwa na joto."

Mkoba wa fundi ulikuwa bado umetundikwa kwenye msumari, polisi wa jana hawakuusogeza. Ndani yake kulikuwa na kiko, mkate mkavu, na barua yenye nembo ya manispaa, ya Jumatatu tarehe 10. Sahihi ilikuwa ya naibu meya, Edmond Fauconnet. "Kutokana na uhaba wa mafuta, kanisa halitapashwa joto siku ya onyesho. Fundi anaombwa kusawazisha kinanda kwa hali hiyo."

Kiberiti hakikuwemo.

Jumba la manispaa lilikuwa limefungwa Jumamosi, lakini Fauconnet alikuwepo kwa ajili ya viti vya wageni. Alikuwa mtu mwenye mikono laini na orodha mbele yake. Valadier alifika saa tisa, akiwa ametoka kwa mpishi wa padri. Pruvost alikuwa amekula samaki vipande viwili na kusifu kimoja.

"Bado mnahangaika na huyu mzee?" Fauconnet alisema. "Namhurumia, kweli. Ila alitia sahihi."

"Barua hii ni yako, Mheshimiwa?"

Fauconnet aliisoma kwa mbali. "Ilikuwa hivyo Jumatatu. Alhamisi ofisi ya mkuu wa mkoa ikathibitisha kwamba anakuja. Tukabadilisha. Nilimpigia Pruvost mwenyewe saa kumi na moja jioni nikamwambia awashe asubuhi."

"Na fundi mlimwambia saa ngapi?"

"Hilo ni la idara."

"Idara gani?"

"Inspekta, mimi nina viti mia nane vya kupanga."

"Moja tu. Ufunguo wa kinanda mlio nao, naweza kuuona? Nimeambiwa hapa funguo hupotea ovyo."

Fauconnet alisimama, shingo imempanda wekundu. Alifungua kabati la chuma, akavuta droo, akatoa bahasha ya kahawia na kuiweka mezani kama anaweka turufu. Ilikuwa imefungwa kwa lakiri nyekundu yenye mhuri wa manispaa, tarehe 3 Mei 1971. Lakiri haikuwa na ufa.

"Hapa kwetu hakuna kinachopotea. Tangu siku hiyo haujatoka. Unaweza kuandika."

"Naandika," Valadier alisema, na akamwomba atie sahihi chini yake.

Fauconnet alitia sahihi kwa herufi nzuri za duara.

Saa kumi kasoro dakika tano Valadier alikuwa tena juu ya ngazi hamsini na tatu. Maestro Daubrac alikuwa ameketi kwenye kinanda, viatu vyake vya kupigia miguuni, nota wazi mbele yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, amenyoa vizuri. Solange Briac alisimama kando na zumari yake. Valadier alikuwa amemwomba abaki.

"Nipe la, Maestro," Valadier alisema. "Ya filimbi."

Daubrac alivuta kishikio, akabonyeza. Sauti laini ilijaza kanisa. Solange akaijibu kwa zumari, na sauti mbili zikawa moja.

"Sasa ya tarumbeta."

"Tarumbeta sitazitumia kesho. Nimebadilisha mpangilio. Tutapiga simfonia kwa filimbi."

Solange alishusha zumari. "Simfonia ile bila tarumbeta? Bora tupige makofi."

"La ya tarumbeta, Maestro. Moja tu."

Daubrac alivuta, akabonyeza. Valadier hakuwa na sikio la muziki, lakini hata yeye alikunja uso. Solange alisoma sindano yake na kusema namba. Ilikuwa ileile ya jana.

"Jana kabla ya mazoezi hukuzijaribu?"

"Sikupata nafasi."

"Lakini Quesnel alikuambia saa tano asubuhi kwamba kazi imekwisha."

"Ndiyo."

"Aliifanya lini? Boila imewashwa saa kumi na mbili asubuhi. Tarumbeta hizi zimesawazishwa kanisa likiwa na nyuzi kumi na moja, kazi ya saa tano. Ijumaa hakukuwa na saa tano za baridi hiyo. Ilikuwa Alhamisi. Alimaliza Alhamisi, akapita kwenye daraja lisilo na ukingo, akaanguka. Alhamisi kanisa lilikuwa mikononi mwa manispaa, si mwa bawabu. Wewe Ijumaa saa tano ulizungumza na nani?"

"Labda nimekosea saa."

"Ukuta nao umekosea? Unasema nyuzi kumi na saba. Quesnel hakuwahi kukiona kinanda hiki kikiwa na nyuzi kumi na saba wiki hii akiwa amesimama. Aliyeandika alisoma kipimajoto hapo mlangoni, akaweka la inayopendwa na okestra zote, akasahau kwamba kilicho ndani ya mabomba hakiandikwi kwa penseli. Kisha akafunga mlango kutoka nje. Funguo ziko tatu. Mmoja ulikuwa mfukoni mwa marehemu. Mmoja uko ndani ya lakiri tangu mwaka sabini na moja. Naibu meya mwenyewe ameniapia, na sahihi yake ninayo."

Daubrac aliutazama mfuko wa koti la Valadier, kisha akautazama mlango mdogo.

"Fauconnet amekupa sahihi hiyo?"

"Kwa furaha."

"Mjinga," Daubrac alisema. Alirudisha kishikio cha tarumbeta mahali pake, taratibu. "Nilikuja mchana kujaribu kinanda. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, haujafungwa kwa ufunguo. Nikamwona chini. Nikateremka sakristia, nikampigia Fauconnet. Alikuwa anakula, nilimsikia anatafuna. Akasema mahakama ikiingia humu kinanda kitafungwa mwaka mzima, redio itaondoka, mkuu wa mkoa atageuza gari. Akaniuliza Jumapili iko mbali kiasi gani. Akasema tangu asubuhi roshani ni ya Pruvost, kwa hiyo hakuna haraka. Mwache mpaka Jumatatu. Fanya ionekane fundi amemaliza na ameondoka."

"Ukapanda tena ukaandika."

"Nikaandika. Nikafunga. Miaka kumi na tisa, inspekta, napiga ndoa na mazishi. Kesho nchi nzima ingenisikia mara moja."

"Na Pruvost?"

"Sikumfikiria Pruvost."

"Hakuna aliyemfikiria," Solange alisema.

Valadier aliyaandika maneno ya Daubrac, akamtaka atie sahihi, kisha akashuka mpaka sakristia. Simu ilikuwa ukutani, chini ya picha ya askofu. Kamishna alipokea kwenye mlio wa pili.

"Una sahihi?"

"Ninazo mbili, si ya Pruvost hata moja. Mtoe mzee, ampeleke dereva mpaka mlangoni kwake, mkewe yuko peke yake tangu jana. Faili halifungwi. Na tuma watu wawili kwa naibu meya kabla hajamaliza kupanga viti."

"Una uhakika, Valadier? Kesho mkuu wa mkoa—"

"Ni saa kumi na nusu, Kamishna. Baada ya nusu saa utakuwa umemfunga mtu kwa karatasi ambayo nimeshakuambia ni ya uongo."

Alingoja mpaka akasikia amri ikitolewa upande wa pili, mlango ukifunguliwa na jina la Pruvost likiitwa. Ndipo akarudisha simu na kupanda ngazi kwa mara ya tatu.

Daubrac hakuwa amesogea. Mlango mdogo ulikuwa wazi sasa, na kutoka alipoketi mtu angeweza kuona ukuta wa maandishi, na chini yake, gizani, vichwa vya mabomba makubwa ya mbao. Valadier aliingia, akateremka ngazi ya ndani kwa uangalifu, akapiga magoti pale palipokuwa na kofia. Alimulika bomba lililo karibu zaidi. Kwenye mbao, kimo cha mtu aliyelala chali, palikuwa na doa la kahawia lenye upana wa ngumi, na jingine juu yake, na jingine. Aligonga hapo kwa vifundo vyake. Bomba lilikuwa tupu ndani; sauti ilipanda mpaka juu ya roshani na kutoka nje ya mlango.

Alitoka akipangusa magoti.

"Mmesikia?" aliuliza.

"Nimesikia," Solange alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Maestro, daktari anasema huenda aliishi mpaka saa nane mchana wa Ijumaa. Wewe umesema ulimwona chini. Hujasema ulimwona amekufa."

"Kengele zilikuwa zinalia," Daubrac alisema. "Pale mtu hasikii kitu kengele zikilia."

Valadier alitoa kidaftari chenye masizi, akakifungua mbele yake juu ya nota za simfonia, akaweka kidole.

"Saa sita kasorobo kipimajoto kilikuwa na kumi na sita. Saa nane kilikuwa na kumi na nane. Kumi na saba uliyoiandika wewe iliingia karibu saa saba. Kengele zilinyamaza saa sita na dakika tano. Ulipokuwa umesimama hapo na penseli, kanisa lilikuwa kimya."

Maestro Daubrac aliitazama ile namba. Chini, wanamuziki wa kwanza walikuwa wameanza kuingia, wakiburuta viti.

"Ulipokuwa unaandika," Valadier alisema, "alikuwa bado anagonga?"